Muziki wa ndotoni, na Lucie wa zamani

Kimya kimekuwa kirefu, najua. Tumerudi kutoka TP, kazi za vikundi zimetuangukia kama mvua ya masika, na bumu ndiyo hivyo tena, linakuja kwa mwendo wake lenyewe. Lakini leo sitaki kulalamika. Leo nataka tuongee muziki, na si ule mnaopiga mpaka kuta za bweni zinatetemeka.

Tangu TP nimekuwa nasikiliza kitu kinaitwa drimu popu. Mwenzangu wa chumbani anakiita "muziki wa watu wenye malaria". Akisikia hedifoni zangu zinavujisha sauti anauliza, "Shosti, huyo anaimba au anaweweseka?" Teh teh teh. Hajakosea sana, maana jina lenyewe lina ndoto ndani yake.

Kwa wale ambao hawajakutana nayo: gitaa linapitishwa kwenye vikanyagio vinavyoongeza mwangwi na kurudiarudia mlio, mpaka huwezi kusema noti moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Sauti ya mwimbaji haisimami mbele. Inazamishwa humo humo, kama sukari kwenye chai: unajua ipo kwa sababu ya utamu, lakini huioni. Sisi tuliokua tukisikia muziki wa dansi kwenye redio ya baba tumezoea mpangilio mwingine kabisa. Kwanza mwimbaji anatoa kisa chake chote, kila neno linasikika, halafu ndipo magitaa yanaachiwa uwanja kwenye chemko. Na wimbo ukiisha, mzee mmoja lazima aulize, "Sasa ujumbe wake nini?" Drimu popu haina chemko, na ukiiuliza ujumbe wake inakutazama tu.

Walioanza mambo haya, wengi watakutajia Cocteau Twins, watu wa Grangemouth kule Uskoti. Mwimbaji wao Elizabeth Fraser mara nyingi alikuwa anaimba sauti tupu, maneno ambayo hayamo kwenye kamusi yoyote, na bado unapata hisia yake. Albamu yao ya mwaka 1990, Heaven or Las Vegas, nimeisikiliza mpaka betri ya simu imeomba poo.

Lakini kilichonifanya nikae kitako ni habari ya jina. Anayetajwa kuwa aliliita "dream pop" ni Alex Ayuli, mmoja wa vijana wawili wa kundi la A.R. Kane kutoka London Mashariki, mwishoni mwa miaka ya 1980. Ayuli ana asili ya Nigeria. Mwenzake, Rudy Tambala, ana damu ya Malawi. Ndiyo, Malawi hii hii jirani yetu! Tambala kwa Kichewa ni jogoo, na ndilo jina la sarafu yao ndogo: tambala 100 ndiyo kwacha 1. Yaani muziki wa usingizi una jogoo ndani yake tangu mwanzo. Hawa ndio walioshiriki ule wimbo Pump Up the Volume chini ya jina la M|A|R|R|S, ukashika namba 1 Uingereza mwaka 1987, na mwaka uliofuata wakatoa albamu yao ya kwanza, 69. Kwa hiyo siku nyingine mtu akiniambia nasikiliza "miziki ya wazungu wasio na kazi", nitamtajia jina la jogoo huyo kisha niendelee na mambo yangu.

Upande wa wapya, aliyenishika ni dada mmoja wa San Francisco anayejiita Wisp. Mwaka 2023, akiwa mwanafunzi wa chuo kama sisi, alichukua mdundo wa magitaa uliotengenezwa na mtu mwingine, akaimba juu yake kwa sauti ya kunong'ona, akautupia mtandaoni. Wimbo unaitwa Your Face. Vijana wa TikTok wakaubeba mpaka ukafika kila kona. Albamu yake kamili, If Not Winter, imetoka 2025. Wenye kujua wanasema huyo ni wa shugezi, binamu wa drimu popu mwenye makelele zaidi. Jina limetokana na wapiga gitaa waliokuwa wanainamia vikanyagio vyao jukwaani kana kwamba wanatazama viatu. Sawa, mimi binamu wote nawakaribisha.

Pia kuna Beach House, watu wawili wa Baltimore, Marekani. Albamu yao Once Twice Melody ya mwaka 2022 ina nyimbo 18, waliitoa kwa vipande vinne kama tamthilia. Mwimbaji wao Victoria Legrand alizaliwa Ufaransa, na ami yake ni Michel Legrand, yule mtunzi wa muziki wa filamu ya Les Parapluies de Cherbourg ya 1964. Sisi wa Kifaransa tulioonyeshwa filamu hiyo darasani tunakumbuka: watu wanaimba kila kitu, hata habari ya mafuta ya gari!

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Kule TP nilipanga chumba mahali ambapo mtandao unapatikana ukisimama karibu na mwembe. Bando nilikuwa nalo, lakini nani atakaa chini ya mwembe saa nne usiku? Kwa hiyo nilitegemea flashi yangu. Juu nilikuwa nimeweka hizo drimu popu mpya zote. Chini kabisa kulikuwa na folda la zamani nililoliandika "Kifaransa F3", na ndani yake albamu moja: Immobile, ya kundi linaitwa Autour de Lucie. Mwalimu wetu wa Kifaransa wa kidato cha tatu ndiye alitupa, kutoka kwenye CD yake. Alikuwa akituachia dakika tano za mwisho za kipindi kusikiliza. Wenzangu walikuwa wanalala. Mimi nilikuwa nashika neno moja kati ya kumi, na hilo moja linanitosha kwa wiki.

Autour de Lucie ni kundi la Paris, lilianza mwaka 1993. Waliwahi kufika mpaka kutolewa albamu na kampuni ya Kanada, Nettwerk, lakini ukiwataja leo hata Mfaransa anaweza kukuuliza "akina nani?" Mwimbaji ni Valérie Leulliot. Hakuitwa Lucie. Jina la kundi maana yake ni "kumzunguka Lucie". Mpiga besi wa mwanzo, Fabrice Dumont, baadaye alikwenda kwenye Télépopmusik, wale wa wimbo Breathe wa mwaka 2001, na huo hata asiyejua muziki huu amewahi kuusikia kwenye tangazo fulani.

Safari hii nilisikiliza na kamusi, kama mtu mzima. Majina ya albamu zao peke yake ni somo. Ya kwanza, 1994, ni L'échappée belle: ukiisoma haraka ni kutoroka kuzuri, lakini nyuma yake unasikia ule msemo wa Wafaransa wa kuponea chupuchupu. Ya pili, 1997, Immobile: bila kutikisika. Ya tatu, 2000, Faux mouvement: ndivyo Mfaransa anavyosema akigeuka vibaya na mgongo ukakata. Yaani kwanza unaponea chupuchupu, halafu unakaa tuli, halafu ukijaribu kusogea unajitegua. Maisha ya mwaka wa tatu hayo! Walitoa nyingine mwaka 2004 yenye jina la kundi, wakanyamaza, kisha 2015 wakarudi na Ta lumière particulière, mwanga wako wa pekee. Miaka 11 kimya. Nami mnanisema kwa miezi miwili?

Na waliimba Kifaransa. Hilo halikuwa jambo dogo. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 1994, ikaanza kutumika Januari 1996, kwamba angalau asilimia 40 ya nyimbo redioni ziwe za Kifaransa, kwa sababu Kiingereza kilikuwa kinawafunika. Wenzao waliovuma duniani miaka hiyo, kama Air na Phoenix, waliimba zaidi Kiingereza. Valérie alibaki na lugha ya nyumbani, kwa sauti ile ile ndogo.

Sauti ndogo. Hapo ndipo pananihusu.

Wiki ya pili ya TP alikuja mkaguzi. Darasa la kidato cha kwanza, wanafunzi 87, madawati ya watu wawili wamekaa wanne. Andalio la somo lilikuwa safi, zana nilizikata usiku kucha. Akakaa nyuma, akaandika, akaondoka. Kwenye fomu: "Sauti haitoshi. Mwalimu hasikiki." Nje akaniambia kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza zaidi, "Binti yangu, ualimu unataka koo."

Niwaambie kwa nini sentensi hiyo ilinilaza macho. Mama yangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimekua naye akirudi jioni anazungumza kwa kunong'ona, maana sauti ameiacha shuleni. Tukiwa wadogo tulidhani kila mama ana sauti mbili, ya asubuhi na ya jioni. Siku hizi ya asubuhi nayo imekauka. Kwa hiyo nikaona mbele yangu njia mbili tu: niligeuze koo langu kuwa la mama, au nitafute kazi nyingine. Nilimpigia simu. Akasema, "Mwanangu, usipige kelele. Mimi nilipiga, wakazoea." Basi, hakuongeza kitu.

Usiku ule niliweka hedifoni, nikapiga Wisp, halafu Cocteau Twins, halafu Immobile. Nikagundua kitu ambacho ukisikiliza kimoja kimoja hukioni. Wote wanaimba kwa sauti ndogo. Hakuna anayepasua koo. Lakini kwenye drimu popu mwimbaji amezama, na amezama kwa makusudi, ni raha yake. Valérie hajazama. Anaimba kama mtu anayekuambia jambo mkiwa kwenye kiti kimoja cha daladala, na unasikia mpaka pumzi. Hajaongeza sauti hata kidogo. Walichofanya ni kwamba gitaa likitaka kusema linasubiri amalize mstari, na ngoma zimepunguzwa. Vyombo viko pembeni, yeye katikati. Kumzunguka Lucie!

Mkaguzi alisema kweli kwamba sikusikika. Ila dawa ya kutosikika zipo mbili, na chuoni nilifundishwa moja tu.

Kesho yake sikupanda sauti. Nilisimama katikati ya darasa badala ya ubaoni, nikawaambia ni imla, kalamu juu, na kila sentensi nitaisoma mara mbili tu. Nikasoma kwa sauti yangu hii hii. Sentensi ya kwanza ikapotea kwenye makelele. Ya pili, wa mbele wakaanza kuwanyamazisha wa nyuma. Ya nne, nilisikia kalamu. Kalamu 87, jamani. Sijawahi kusikia muziki kama ule.

Msidhani nimepata muujiza. Kipindi cha baada ya chakula cha mchana hakijali imla wala Paris. Siku mbili nilitoka nimekwama kabisa, na siku moja kiranja ndiye aliyeniokoa. Darasa la 87 linahitaji kugawanywa, halihitaji mashairi yangu. Lakini mkaguzi wa pili alipokuja hakuandika neno kuhusu sauti. Aliandika: "Apange ubao vizuri." Nikacheka peke yangu njia nzima. Ubao nitaupanga, huo hauchukui koo la mtu.

Nyimbo mpya bado nazisikiliza, na kuzama kwake nakupenda, hasa usiku wa kabla ya mtihani. Ila kwa ajili ya mchana nimemrudia Lucie. Albamu nimemtumia mama pia. Kifaransa hajui hata neno, akaniuliza, "Huyu anasema nini?" Nikaanza kumtafsiria. Akanikatiza: "Acha. Namsikia."

Haya, wenye kumbukumbu za mikutano ya jumuiya ya wanafunzi mnitumie, na mwenye Faux mouvement nzima asinifiche. Tuko pamoja.