Fundo la Kitambaa cha Leso



Akina mama na wazazi wenzangu,

Marhumu mama yangu, Allah amrehemu, alituachia kopo la maziwa ya unga lililojaa sarafu. Alizaliwa Mombasa, akaolewa Bungoma, na kwa miaka mingi aliuza mahamri karibu na msikiti. Kila jioni baada ya Maghrib alihesabu mapato yake, kisha sarafu moja au mbili akazitia koponi. Siku tulipokutana kwa ajili ya mirathi, dada yangu alizimwaga juu ya mkeka.

Zilikuwemo ndururu na peni za shaba zenye tundu katikati, za zama za ukoloni. Zilikuwemo shilingi za Mzee Jomo Kenyatta, zilizoanza kutolewa mwaka 1966, na shilingi tano za Rais Moi za mwaka 1985, zile za pembe saba. Ilikuwemo shilingi arubaini yenye sura ya Rais Kibaki, ya mwaka 2003, nchi ilipotimiza miaka 40 ya uhuru. Na zilikuwemo sarafu mpya zilizozinduliwa Desemba 2018, zenye twiga, kifaru, simba na ndovu, kwa kuwa Katiba ya 2010 imekataza picha ya mtu yeyote katika pesa zetu. Nikakumbuka somo la tarehe madrasani: Khalifa Abdul-Malik bin Marwan naye, mwaka 77 Hijria, alitoa dinari yenye maandishi matupu, bila sura ya kiumbe.

Mpwa wangu alileta sumaku. Shilingi za karibuni zilinasa, kwani ndani yake ni chuma kilichovikwa nikeli. Zile kongwe, za shaba na nikeli, hazikutikisika. Baadhi ya za chuma zilikwisha kuingia kutu, ilhali kongwe zilikuwa zimefifia tu. Shaba ina umri mrefu. Mwaka 1944 sarafu za masultani wa Kilwa ziliokotwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, karne nyingi baada ya kufuliwa.

Hapo ndipo shetani alipotuingilia. Mpwa wangu alikuwa amesikia kwamba yuko mtu anayenunua shilingi arubaini kwa maelfu. Ndugu wawili, watu wazima wenye mvi, wakaanza kushindana ni nani aliyempa mama sarafu ile. Dada yangu naye alichukua ndimu na majivu akaanza kuzisugua ili zing'ae. Mnunuzi alipopigiwa simu, alitaka kwanza atumiwe ada ya usajili. Nikasema: mnunuzi huleta pesa, haombi pesa. Tukakata simu.

Baadaye mzee mmoja wa Kitale, mwenye kukusanya sarafu, alinifahamisha mambo ambayo ni vyema kila nyumba iyajue. Umri peke yake hauipi sarafu bei. Huangaliwa uchache wake na usafi wa chapa yake. Iliyosuguliwa hupoteza thamani, kwa hiyo ndimu ibaki jikoni. Nami naongeza la kidini: anayetaka kuuza sarafu ambayo bado ni pesa halali, kwa shilingi zaidi ya kiwango chake, amuulize mwanachuoni kwanza, kwani shilingi kwa shilingi pamoja na ziada ni mlango wa riba.

Lakini sikwenda Kitale kwa ajili ya bei. Chini kabisa ya kopo tulikuta fundo la kitambaa cha leso, na ndani yake sarafu saba za pembe saba, jumla shilingi thelathini na tano. Dada yangu alikitambua kitambaa. Jirani yetu wa zamani aliziweka kwa mama alipohamia Kitale, akasema angezirudia. Hakurudi.

Ndugu zangu wakasema tumpelekee noti ya shilingi hamsini, yatosha. Nikawajibu: deni hulipwa kwa mfano wake, lakini amana hurudishwa yenyewe maadamu ipo. Na hii ipo. Wala haimo katika mirathi. Si ya mama, basi haiwezi kuwa yetu. Mama aliuza mahamri miaka yote ile, na siku nyingine alikosa unga wa kesho, lakini fundo lile halikufunguliwa.

Nikapanda matatu, nikapita Kamukuywa na Kiminini, fundo likiwa mfukoni. Nilimkuta yule mama, sasa ni bibi, amekaa barazani. Alilishika fundo, akalinusa, akalia kabla hajalifungua.

"Mwanangu," akasema, "mimi nilikwisha kusahau."

"Mama hakusahau," nikamwambia.

Alinipa moja nimpelekee dada yangu kama ukumbusho. Niliporejea Bungoma niliiweka juu ya mkeka mbele ya ndugu zangu. Hakuna aliyeuliza bei yake. Tukagawana zilizobaki kwa hesabu ya mirathi, na ile shilingi arubaini tukakubaliana akae nayo dada, aliyemuuguza mama.

Wazazi wenzangu, fungueni makopo ya wazee wenu nao wakiwa hai. Waulizeni lipi ni lao na lipi ni la watu, mkaandike.

Wabillahi tawfiq.