Mkia wa Soksi

Mama yangu alikuwa na kifumbu cha ukindu cha kukamulia tui. Ukikivuta kinarefuka, kinakonda, na nazi iliyo ndani inabanwa mpaka tone la mwisho. Ukikilegeza kinafura, machicha yanamwagika. Nilikuwa na miaka 22, wiki ya pili katika kazi ya kutandaza kebo za umeme Dar es Salaam, nilipokiona kitu kilekile kimefumwa kwa waya za chuma. Fundi wetu mkuu, mzee wa Tanga tuliyemwita Babu, alikivika kwenye kichwa cha kebo, akanipa kitanzi chake cha mbele nikishike.

“Vuta.”

Nikavuta, kikauma ganda la kebo.

“Haya, sukuma.”

Nikasukuma, kikavuka chote. Mafundi wanakiita soksi, na nimeishi nacho miaka 31. Siku ile Babu hakunieleza zaidi. Alitaka mikono yangu ijue kwanza kwamba soksi hushika pale tu inapovutwa.

Mikono ilijua, lakini mwaka 1996 niliipuuza. Tulikuwa kwenye kiwanda kimoja kando ya Barabara ya Pugu, ambayo sasa inaitwa ya Nyerere. Kebo ilikuwa ya kori tatu za shaba, kila moja milimita za mraba 185, ipite mita 120 ndani ya bomba lenye kona mbili. Soksi ya saizi yake ilikuwa imepelekwa kwenye kazi nyingine. Iliyobaki stoo ilikuwa kubwa kwa saizi moja. Msimamizi akasema itatosha, nami, niliyekuwa na dhamana ya kichwa cha kebo, nikakubali. Tukaizungushia tepu ya umeme mara tatu, tukaanza.

Katikati ya safari winchi ikazimika. Kamba ikalegea kwa dakika kama kumi, na ndani ya bomba, pasipoonekana na mtu, soksi nayo ikalegea. Winchi ilipowaka kamba ikakaza, ikarefuka. Ilikuwa ya nailoni, na nailoni hutunza nguvu kama manati. Kisha soksi ikavuka. Kamba ilirudi na ile soksi ya chuma, ikampiga mwenzangu aliyekuwa amesimama mdomoni mwa bomba akichungulia. Mkono wake ulivunjika mara mbili. Hospitalini aliniuliza, “Kaka, ilikuwaje?” Nikamwambia ukweli: sikupima.

Hakuweza tena kunyanyua mizigo, akawa mtunza stoo. Alizitundika soksi zote ukutani kwa ukubwa, kila moja na kibati alichokigonga namba kwa msumari: kipenyo kidogo kabisa inachoshika, kikubwa kabisa, na uzito wa kukatikia. Ukimwomba soksi bila kumtajia kipenyo cha kebo, hakupi. Nami nikajifunza kukipima kwa kalipa, sehemu tatu tofauti, kwenye kebo yenyewe na si kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye ngoma iliyozungushiwa kebo.

Uzito wa kukatikia niliugawa kwa tano, na hapo ndipo nilipoishia hata winchi ikiwa na nguvu za kuendelea. Kebo nayo ina kikomo chake. Shaba hatuivuti zaidi ya nyutoni 50 kwa kila milimita ya mraba, aluminiamu 30. Kwa kebo ile ya kiwandani, milimita za mraba 555 kwa jumla, ni nyutoni 27,750, karibu uzito wa tani 2.8. Ingekuwa ya aluminiamu ya unene uleule, ingeishia 16,650. Kikomo cha kazi ni kile kidogo kuliko vyote kati ya kebo, soksi na kamba.

Ilinichukua muda zaidi kuelewa kosa letu la pili la siku ile. Kona zote mbili zilikuwa upande wa winchi, kwa sababu ngoma tuliishusha pale lori lilipopata njia. Kona ya nyuzi 90, bomba likiwa na msuguano wa kawaida, huzidisha mvuto karibu mara 1.7, kona mbili, mara tatu. Kebo ilifika kwenye kona ikiwa tayari imebeba msuguano wa bomba zima, ndipo ukazidishwa. Ngoma ingekaa upande wa kona, zingezidisha mvuto ambao ungali mdogo. Tangu hapo nimegombana na madereva wengi wa malori, na sijutii.

Joto la Dar nalo lina yake. Ganda la PVC likipigwa na jua la saa saba hulainika, soksi ikalivuta lenyewe na kuiacha shaba nyuma. Kwa hiyo tulikuwa tukivuta asubuhi. Na kipande kilichokaa ndani ya soksi tulikikata kabla ya kuunga, hata kama kwa macho kilionekana kizima. Soksi yenyewe niliipitishia kitambaa kabla ya kila kazi. Uzi mmoja wa waya uliokatika hukinasa kitambaa, na soksi hiyo hairudi kazini.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa Mbagala, mwaka 2021. Nilikuwa nimeshainua mkono kuashiria winchi ianze, binti aliyekuwa akijifunza kwetu akasema, “Mzee, subiri kidogo.” Akapiga magoti mtaroni. Kiungo kinachozunguka, kile kinachozuia kamba isiisokote soksi, kilikuwa mahali pake. Lakini mkia wa soksi, ule mwisho wake ulio mbali na kamba, ulikuwa na tepu peke yake. Akaufunga kwa ukanda wa chuma, akauvuta kwa koleo, akaukaza tena. Kisha akawaondoa vijana wote waliokuwa wamesimama usawa wa kamba, mmoja mmoja, akiwaita kwa majina.

Saa tano kasoro kichwa cha kebo kikatokea upande wa pili, kimejaa sabuni ya kutelezeshea na tope, na ukanda uko palepale alipoufunga.