Masazo ya Beseni

Kazi yangu ya kwanza maishani ilikuwa kushika chupa. Nilikuwa na miaka tisa au kumi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na duka lilikuwa la shangazi yangu, Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Mbele alipanga sabuni za mche, chumvi na viberiti, siku vilipopatikana. Nyuma, mbali na unga, ndiko yalikokaa mafuta ya taa. Ilikuwa miaka ya uhaba. Ikisikika tu kwamba shangazi kapata debe, foleni ilifika barabarani, kila mtu na chupa yake: ya bia, ya soda, ya dawa ya kikohozi, nyingine imezibwa kwa gunzi la mahindi.

Shangazi alikuwa na vyombo vitatu. Cha kwanza kipimo cha nusu lita chenye muhuri wa watu wa vipimo, alichokitunza kuliko bangili zake. Cha pili faneli ya bati, aliyotengenezewa na fundi wa mtaani kwa kopo la mafuta ya kupikia, mshono wake wa risasi umevimba kama kovu. Cha tatu beseni la enameli, lililobanduka rangi ukingoni, ambamo kila chupa ilisimamishwa wakati wa kujazwa.

Ukiangalia kwa mbali utasema ni kazi ya mtoto. Shingo ya chupa ya bia ni nyembamba, na mkia wa faneli uliikaa barabara, bila nafasi. Ukimimina, mafuta yanashuka kidogo, halafu yanasimama kwenye faneli kama yamegoma. Unasubiri. Ghafla chupa inabeua, mafuta yanaruka, yanakulowesha mpaka kwenye kiwiko. Siku ya kwanza nilidhani faneli imeziba, nikaichomoa ili niichungulie. Yote yaliyokuwemo yakaishia mapajani mwangu. Shangazi hakunigombeza. Alichukua njiti moja ya kiberiti, akaivunja kichwa, akaichomeka kati ya mkia wa faneli na mdomo wa chupa. Mafuta yakashuka mfululizo, bila kelele.

"Chupa nayo inapumua," aliniambia. "Ukiiziba pua itakutemea."

Shule ilikuja kunieleza jambo hilohilo baada ya miaka mingi, kwa maneno mengi zaidi. Chupa tupu si tupu, imejaa hewa, na mafuta hayaingii mpaka hewa ipate pa kutokea. Njiti ilifungua ufa mwembamba kama uzi, na ufa huo ulitosha.

Kujua pa kuacha ilikuwa elimu nyingine. Usiku dukani kuliwaka kibatari kimoja tu, na hakikuruhusiwa kusogea nyuma, kwa sababu ambayo sina haja ya kuieleza. Kwa hiyo tulimimina gizani, kwenye chupa za rangi ya kahawia. Shangazi hakutazama, alisikiliza. Mafuta yakianza kuingia, chupa hulia kwa sauti nzito. Kadiri hewa iliyobaki inavyopungua, sauti hupanda na kuwa nyembamba, na ikikaribia shingoni hukimbia juu kama filimbi. Hapo ndipo mkono wake ulipoinua kipimo. Alikuwa akiongea na mteja, akiuliza hali ya mgonjwa, akirudisha chenji, na bado hakukosea. Mimi nilikosea kila siku.

Makosa yangu yaliingia kwenye beseni. Yaliingia pamoja na matone ya kipimo, na yale yaliyodondoka faneli ikihamishwa kutoka chupa hii kwenda ile, na yale yaliyotambaa ubavuni mwa chupa. Kufika jioni yalikuwa kikombe kimoja, siku za pilika kikombe na nusu. Baada ya Isha, mjukuu wa bibi mmoja jirani yetu alikuja na kichupa.

"Shikamoo. Bibi anauliza kama kuna masazo."

"Marahaba. Yapo."

Shangazi aliinamisha beseni upande, akamimina kwa faneli ileile na njiti ileile. Haikupita pesa, wala asante ndefu. Bibi yule alikuwa msuka ukili. Mchana alipika na kulea, kwa hiyo miyaa aliishika usiku. Tukienda kulala tulikiona kibatari chake kibarazani, na vidole vinakwenda.

Mwaka 1993 nilipata kazi ya kujaza mafuta kwenye kituo kimoja kando ya barabara kuu iendayo Segera. Pale nozeli ilinishangaza kuliko gari lolote lililosimama mbele yangu. Unaitia kwenye tangi, unabana mkono wake, unauegesha kwenye komeo, unakwenda zako kufuta kioo. Tangi likijaa, nozeli inasema *tak*, imekata. Hakuna kutega sikio, hakuna njiti. Niliwaza miaka yote niliyonuka mafuta ya taa darasani, nikaona nilizaliwa mapema mno.

Nikaiamini kupita kiasi. Asubuhi moja niliiegesha kwenye gari la abiria, nikageuka kuhesabu chenji nikisubiri ile *tak*. Haikuja. Kilichokuja ni ukelele wa kondakta, petroli imeshafika kwenye viatu vyake na kuchirizika kuelekea mtaroni. Hakuna aliyewasha sigara, ndiyo maana naweza kuandika haya. Fedha ilikatwa kwenye mshahara wangu, nozeli ikapelekwa kwa fundi, na mimi nikamfuata nikaone ni nini kilichonisaliti.

Fundi aliifungua juu ya gazeti. Kwenye ncha ya nozeli alinionyesha tundu dogo, unaweza kuliziba kwa punje ya mchele. Kutoka hapo mrija mwembamba unapanda ndani hadi kwenye kiwambo cha mpira, kama ngozi ya ngoma ndogo. Petroli ikipita kwa kasi mahali palipobanwa ndani ya nozeli, inavuta hewa. Mwitaliano Giovanni Battista Venturi aliyaeleza mambo ya mikondo inayobanwa namna hiyo mwaka 1797, kabla petroli haijamhusu mtu yeyote. Maadamu tundu la nchani liko wazi, hewa inayovutwa inaingia kupitia hapo, na nozeli inapumua raha mustarehe. Petroli ikipanda ikaliziba tundu, hewa inakatika. Mvuto haupati cha kuvuta ila kile kiwambo. Kiwambo kinavutwa, komeo linafyatuka, springi inafunga vali. Ndiyo *tak*. Kiwambo cha nozeli yangu kilikuwa kimechanika, kwa hiyo kwenye kunyimwa hewa hakikujua kama kimenyimwa.

Fundi akaniongezea mengine yaliyonifaa mpaka leo. Dizeli hutoa povu, na povu laweza kuliziba tundu kabla tangi halijajaa, ndiyo maana madereva wa malori hulalamika kwamba nozeli inakata mapema. Na ikishakata, usiongeze ili kufikisha hesabu ya shilingi iliyo sawasawa, kama tulivyokuwa tukifanya. Petroli hutanuka kwa joto, karibu asilimia moja kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. Tangi la lita 50 lililojazwa hadi kooni asubuhi ya baridi litatafuta nusu lita ya nafasi jua likipanda, na likiikosa ndani litaitafuta nje.

Nilikwenda Tanga likizo nikiwa na habari hiyo kama mtu aliyebeba zawadi. Nilimweleza shangazi kwamba kile alichopigana nacho maisha yake yote, chupa kuzibwa pua na mafuta kugoma, ndicho mafundi wamekifanya mtumishi. Yeye aliweka njiti ili chupa ipumue, wao wamesubiri ikose pumzi ndipo wafunge. Alicheka mpaka akashika mlango.

"Kwa hiyo imefundishwa kukabwa," alisema. "Na mimi nilikuwa naiokoa!"

Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa ya umeme, ukaja mgawo, na giza likarudi hata kwenye nyumba zilizokuwa zimesahau kibatari kilipo. Duka la shangazi, ambalo kwa mafuta ya taa lilikuwa limeshapoa, likapata foleni tena. Vijana walikuja na chemli za babu zao, wanafunzi na vichupa vya kibatari, akina mama na madumu ya jiko la mchina. Shangazi alikuwa mtu mzima sasa, na sikio lake la kulia limeanza kuzembea. Binamu yangu aliyekuwa akifanya kazi melini alipopitia nyumbani akamwachia kitu alichokinunua ng'ambo: faneli inayojifunga yenyewe.

Kwa sura ilikuwa mdomo mrefu wa plastiki unaofungwa kwenye dumu la lita tano kama kifuniko. Ndani ya mdomo ule mlikuwa na mrija mwingine, mwembamba. Unautia kwenye shingo ya chupa, unausukuma chini, vali inafunguka: mafuta yanashuka kwa njia moja, hewa ya chupa inapanda kwenye dumu kwa njia ya pili. Mafuta yakifika kwenye ncha ya mrija mwembamba, hewa inakatika, na kwa kuwa dumu halina tundu jingine lolote, mafuta yanasimama. Yeyote aliyefuga vifaranga anakijua kitendo hicho. Ni kile chombo cha kuwanyweshea kuku, chupa iliyopinduliwa juu ya kisahani, ambayo haimwagi maji mpaka kuku wanywe na mdomo wa chupa uonekane.

Shangazi hakukipokea kifaa cha binamu kwa macho tu. Alijaza chupa moja ya bia, akaimwaga kwenye kipimo chake chenye muhuri. Akajaza ya pili, ya tatu. Aliporidhika kwamba kinasimama mahali palepale kila mara, akaanza kukitumia kuuzia. Foleni ilikwenda mbio. Beseni likakauka. Nilikuwepo wiki ile, na nikapiga hesabu kwa fahari. Kikombe cha robo lita kwa siku ni lita saba na nusu kwa mwezi. Kwa miaka zaidi ya ishirini ya beseni, hilo ni duka jingine zima.

Siku ya kwanza ya beseni kavu, baada ya Isha, mtoto alikuja na kichupa. Hakuwa yule mjukuu wa zamani, alikuwa mtoto wake.

"Bibi anauliza kama kuna masazo."

Shangazi alitazama beseni. Halafu akachukua kipimo cha robo, akakijaza, akammiminia mtoto. Haikupita dakika kumi mtoto akarudi, kichupa kimejaa vilevile, na ujumbe: bibi anasema haya si masazo, haya ni mafuta ya kuuza, naye hakuagiza.

Nilisema bibi ana majivuno. Shangazi hakunijibu. Kesho yake nilikuta ile faneli mpya imetundikwa msumarini, na yeye ameinama juu ya beseni na bati lake la zamani, foleni inanung'unika. Nilimkumbusha lita saba na nusu. "Hesabu yako ni sawa, mwanangu," alisema. "Ila umehesabu mafuta, hukumhesabu anayeyachukua." Na nilivyokuwa nimesimama pale niliona jambo ambalo utotoni giza lilinificha. Mkono wake, alipoinua kipimo, uliinuka nukta moja baada ya filimbi ya chupa. Sikio lake lilikuwa bado linasikia vya kutosha.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuna kumimina ambako kumwagika ni sehemu ya kazi. Masazo hayana mtoaji. Anayeyachukua hakuomba, wala aliyemwachia hakutoa. Ni beseni tu lilijaa. Mtu aliyekula kwa jasho la ukili wake maisha yote angeweza kuyapokea kila usiku na asubuhi akamsalimia shangazi akiwa ameinua uso. Robo lita iliyopimwa, hata ikitolewa kwa moyo mweupe, ina jina, na jina lake ni sadaka.

Mwaka 2011 bajeti ya serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuwakomesha waliokuwa wakichakachua dizeli na petroli kwa kuzichanganya nayo. Dawa ililenga wachakachuaji, uchungu wake ukaonjwa na wenye vibatari pia. Wateja walipungua, na taa za sola zilianza kuonekana vibarazani. Bibi wa ukili naye aliletewa moja na mjukuu wake, yuleyule wa kichupa cha kwanza, sasa baba mtu mzima.

Usiku ule nilikuwa Tanga. Isha ilipita, mtoto hakuja. Shangazi alikaa kidogo na mlango wazi, akitazama upande wa pili, ambako mwanga mweupe usio na moshi ulikuwa unawaka juu ya miyaa. Kisha akainua beseni, akachomeka faneli ya bati kwenye dumu, akaweka njiti, akayarudisha masazo dukani. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo.

Asubuhi alilisugua beseni kwa majivu na sabuni mara tatu, akalianika juani. Halafu akaitoa ile faneli ya ng'ambo msumarini, akaifuta vumbi, akaifunga kwenye dumu.