Swila wa maji: nyoka wa ziwa letu

BARAKA, teritware ya Fizi. Mama mmoja aliyekimbia vita huko milimani alirudi kambini na bidoni tupu. Ufukoni watoto walikuwa wamepiga kelele: nyoka ndani ya maji! Kwao nyoka anakaa kwenye majani. Siku ile jamaa yake ilikosa maji ya kupikia.

Mvuvi mmoja aliyekuwa anashona wavu alikuwa amemwambia: "Mama, huyo nyoka yuko kweli. Lakini hakufuati wewe, anafuata samaki."

"Muzee, na kama ananiuma?"

"Basi usimshike."

Mzee hakudanganya. Swila wa maji anaishi Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, na chakula chake karibu chote ni samaki. Anaweza kuzama mpaka mita 25 hivi na kukaa chini dakika 10. Ni wa kahawia, anang'aa, shingoni ana mikanda michache myeusi. Mara nyingi anafika mita moja na nusu, wengine mbili na zaidi. Mwaka 1886 alipewa jina la kitaalamu stormsi, kwa ajili ya Émile Storms, afisa Mbelgiji aliyekaa Mpala, kana kwamba wavuvi hawakuwa wakimjua!

Wengine wanamwita nyoka wa bahari, lakini sivyo. Nyoka wa bahari, kama yule wa pwani ya Mombasa, ana mkia bapa kama kasia. Wa kwetu mkia wake ni wa mviringo, na anapenda kujificha kwenye mashimo ya mawe. Ziwani yuko pia nyoka mwingine mdogo asiye na sumu. Huyo anauawa bure.

Hatari kubwa iko kwenye nyavu. Swila anafuata samaki walionaswa, naye ananaswa, na mvuvi anayemtoa kwa mkono anaweza kuumwa. Sumu yake inalegeza mwili: kope zinaanguka, kumeza kunashindikana, mwisho pumzi. Aliyeumwa asichanjwe, asifungwe kamba kwa nguvu, asipoteze saa kwa jiwe jeusi. Atulie, asitembee, abebwe haraka hospitalini, hata kama hasikii maumivu makali.

Kesho yake, jua likiwa limepanda, yule mama alirudi ziwani na bidoni mbili. Alichota penye mchanga, mbali na mawe.