Mji wa bei ndogo, lakini kwa nani?

Kila mwaka, wakati wa likizo kubwa, sisi walimu wanawake tunakutana siku tatu ili tufundishane: namna ya kuongoza darasa lenye watoto wengi, namna ya kufundisha hesabu vitabu vikiwa haba, namna ya kumrudisha masomoni binti aliyeacha kwa sababu ya mimba. Mkutano wetu hauna mfadhili. Feza zinatoka katika mshahara uleule unaolipa nyumba, maji na viatu vya watoto. Kwa hiyo, mbele ya kupanga tutasema nini, tunapaswa kujua tutakutania wapi.

Kwa muda mrefu hakuna aliyeuliza swali hilo. Katanga ilikuwa jimbo moja, na Lubumbashi ndiyo ilikuwa kichwa chake. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa majimbo 4: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Ofisi ziligawanyika, lakini mkutano wetu ulibaki palepale Lubumbashi. Wenzetu wa Kolwezi wakaanza kupungua mwaka kwa mwaka. Hawakutukasirikia, waliishiwa tu. Mama mwalimu mwenye mtoto wa kunyonya na wengine wawili nyumbani, atatoa wapi nauli ya kilometa kama 300 za kwenda na 300 za kurudi, kisha alipe na kitanda? Na mara nyingi huyo anayekosa ndiye tuliyehitaji zaidi kumsikia.

Safari hii tuliketi na karatasi na kalamu. Tuko 50: 20 wa Lubumbashi, 14 wa Likasi na 16 wa Kolwezi. Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni kilometa kama 120. Kutoka Likasi mpaka Kolwezi ni kama 180. Tukahesabu njia ya kila mama, za kwenda peke yake, tukazijumlisha.

Tukikutana Lubumbashi, wa Likasi wanatembea jumla ya kilometa 1.680 na wa Kolwezi 4.800: zote 6.480. Tukikutana Kolwezi, zinafika 8.520. Tukikutana Likasi, ni 5.280. Tena, kule Likasi hakuna mama hata mmoja anayepita kilometa 180. Hesabu hii inaweza kufanywa na mtoto wa darasa la tano, lakini hatukuwa tumeiona kwa sababu kila mara tulianza kwa kuuliza bei ya ukumbi.

Bei ya ukumbi na vitanda tuliitazama kisha. Kolwezi ni mji wa shaba na kobalti. Wageni wake wengi wanalipiwa na kampuni, na vyumba vinapangwa kwa mfuko wao, kwa dola. Mwalimu hawezi kushindana nao. Lubumbashi ina kumbi za kila namna, lakini nzuri zinaombwa mapema na wenye arusi. Likasi tulipata masomo yenye bweni, na wakati wa likizo vitanda viko vitupu. Tutaleta mablanketi yetu, maana mwezi wa saba usiku kwetu ni wa baridi. Bukari na sombe tutapika sisi wenyewe kwa zamu.

Jambo moja tulishikilia: bei iandikwe kwa franka, na avansi ipewe risiti. Mshahara wetu ni wa franka. Ukikubali bei ya dola mwezi wa nne, halafu dola ikapanda mbele ya mwezi wa saba, umelipa zaidi bila kuongeza hata kiti kimoja.

Palikuwa na mabishano. Wenzetu wa Lubumbashi walisema: “Tukibaki hapa, sisi 20 hatulipi nauli wala kitanda. Mnatuita bei ndogo, na kwetu ni bei kubwa.” Neno hilo ni la kweli, na hatukulifunika. Hakuna mji ulio wa bei ndogo kwa kila mtu. Unapomwondolea mmoja mzigo, unamwekea mwingine.

Ndipo tukaamua kuweka nauli zote katika kapu moja. Kila mama anatoa kiasi kilekile, awe anaishi karibu na ukumbi ao mbali, na kapu linalipa magari. Gawanya zile kilometa 5.280 kwa watu 50: kila mmoja anabeba kama kilometa 106. Wa Kolwezi anapunguziwa sana. Wa Lubumbashi naye anapunguziwa kidogo, maana njia yake ni 120. Walioongezewa ni wa Likasi, ambao wangekuja kwa miguu. Tuliwaacha waseme wao kwanza. Mmoja wao akajibu: “Sisi tutalala kwetu, na watoto wetu tutawaona kila jioni. Hiyo nayo ni feza. Na siku mkutano utakapohamia pengine, kapu litatubeba sisi.” Hapo tukapiga kura, na Likasi ikapita.

Tunawaandikia haya kwa sababu vikundi vingi vya wamama viko katika shida hii: kwaya, likelemba, ushirika wa mashamba. Mkitafuta mahali pa kukutana, andikeni kwanza majina na kila mmoja anatoka wapi. Jumlisheni njia zote, kisha mtazame nani anatembea njia ndefu kuliko wote. Ulizeni kama gari linafika mchana, maana mama hapaswi kushuka usiku katika mji asioujua. Tazameni maji, choo chenye mlango unaofungwa, kituo cha afya kilicho karibu, na chumba ambamo watoto wachanga watalala wakati mama zao wanasema. Kama chumba hicho hakiko, mama wa kunyonya hatakuja, hata bei ikiwa ndogo namna gani.

Na mwishowe, msihesabu tu wale wanaokuja. Chukueni orodha ya miaka iliyopita, mtafute majina yaliyopotea, mtume mtu awaulize. Sisi tulipotuma ujumbe Kolwezi, wamama sita ambao hatukuwaona kwa miaka mitatu walijibu kwamba wataanza kuweka feza kidogo kidogo tangu wiki hii. Mmoja aliuliza neno moja tu: kama anaweza kuja na mtoto. Tulimjibu kwamba chumba kiko.