Kubadili Programu Ikiwa Kazini

Tovuti haina saa ya kufunga mlango. Usiku wa nchi moja ni mchana wa nchi nyingine, na kila wakati yupo mtu anayebisha: huyu analipa ada, yule anatazama matokeo ya mtihani. Walakini programu inayowahudumia ni kazi ya binadamu, na kazi ya binadamu haikosi ila. Sharti irekebishwe. Itarekebishwaje bila ya kumtupa njiani aliye katikati ya shughuli yake?

Katika chumba cha mtunga programu jambo hili ni jepesi. Django, iliyotolewa kwa watu wote mwaka 2005, ina seva ndogo ya majaribio ambayo hutazama mafaili ya programu. Faili moja likibadilishwa, seva hujizima na kujiwasha yenyewe, na msimbo mpya huwa kazini mara moja. Ombi likikatika hapana wa kulalamika, maana mgeni na mwenyeji ni mtu mmoja. Lakini watengenezaji wa Django wenyewe wameonya kuwa seva hiyo isitumiwe kuhudumia umma.

Mbele ya umma hutakiwa adabu zaidi. Gunicorn, seva ya programu za Python, ina mchakato mkuu mmoja na watumishi kadhaa chini yake. Mkuu akipata ishara ya kubadili, huita watumishi wapya wenye msimbo mpya. Wa zamani hawapokei ombi jingine, bali humaliza yaliyo mikononi mwao, kisha huondoka. Kwa kawaida hupewa sekunde 30. Akawiaye zaidi huondolewa kwa nguvu. Huo ndio ustaarabu wa zamu: ajaye hamsukumi aondokaye, wala aondokaye hazuii njia.

Seva zikiwa nyingi huzuka hatari nyingine: baadhi kupata jipya na baadhi kubaki na la kale. Mwaka 2012 kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyofanya biashara ya hisa, ilikuwa na seva nane za kubadilishwa msimbo. Fundi aliiruka moja, wala hapakuwa na mtu wa pili wa kukagua. Katika seva ile ulibaki msimbo ulioachwa kutumika tangu 2003, na alama iliyouamsha zamani ndiyo iliyopewa kazi mpya. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti, kabla soko halijafunguliwa, mitambo ilituma barua 97 zilizotaja kasoro, hazikushughulikiwa. Katika dakika 45 hivi mauzo yasiyokusudiwa yalimiminika, na hasara ikazidi dola milioni 460. Katika kutafuta dawa, mafundi waliuondoa msimbo mpya katika seva saba zilizokuwa nzima, na maradhi yakaenea kwa zote.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Ni kweli: programu ya jana iwekwe karibu, ili ya leo ikiharibika pawe na pa kurudia. Lakini wale waliurudia mbacha wao, wakaukuta una miiba. La kale lihifadhiwalo sharti lijulikane, lisilojulikana lifutwe.

Mtambo usambazao programu wenyewe hausahau seva ya nane, na hapo umemshinda fundi. Walakini hauna haya wala huruma: hueneza kosa kwa wepesi ule ule uenezao usahihi. Kwa hiyo binadamu hakuondolewa kazini. Amehamishwa tu, kutoka mkono wa kunakili hata jicho la kukagua. Jicho hilo likisinzia, huumia mtu aliyekuja kulipa ada yake, asiyejua kamwe kwamba ndani palikuwa na mabadiliko.