Sahani Yenye Maswali

Na Mwanachama wa Kidato cha Tatu

Ndugu msomaji, kuna watu ambao chakula kwao ni cha kujaza tumbo tu, basi. Mimi simo katika kundi hilo. Nikisikia chapati ikigeuzwa kwenye kikaango pale stendi ya Naitiri, au nikipita karibu na jiko ambamo kuku wa kienyeji anachemka kwa ajili ya wageni, miguu yangu hupunguza mwendo bila kuniomba ruhusa. Bwenini wenzangu wamenibatiza jina la Waziri wa Chakula, na cheo hicho sijakikataa.

Lakini wahenga hawakukosea waliponena kwamba hakuna masika yasiyokuwa na mbu. Waziri huyu ana adui mmoja mdogo sana, anayeenea katika kiganja cha mtoto. Adui huyo ni njugu. Njugu chache tu zinaweza kunifikisha hospitalini, na siku ambayo hospitali iko mbali zinaweza kunifikisha pale ambapo harudi mtu. Nimeona niandike juu ya jambo hili kwa sababu tunasafiri pamoja na tunakula pamoja, na pengine kuna mwenzetu ana shida kama yangu lakini anaogopa kuchekwa.

Je, mzio ni nini? Wapo wanaodhani ni madaha, eti mtu "anaringia" chakula cha watu. La, hasha! Mwili wa binadamu una askari wake wa kupigana na magonjwa. Kwa mtu mwenye mzio, askari hao huiona protini ya chakula fulani kama adui aliyevamia boma. Hapo mwili humwaga kemikali, mojawapo ikiitwa histamini, na vita huanza: midomo huvimba, ngozi hutoka mabaka yanayowasha, tumbo husokota, mtu hutapika, na koo huanza kuziba. Haya hutokea baada ya dakika chache, au kabla ya saa mbili kwisha. Si sawa na yule ambaye akinywa maziwa tumbo hujaa gesi. Huyo anateseka, ndiyo, lakini maziwa hayamzibi koo.

Wazungu walipata neno lao la hali hii mwaka 1906, lilipobuniwa na daktari Clemens von Pirquet wa mji wa Vienna. Sisi Waswahili tulikuwa na letu tangu kale. Mzio ni kitu ambacho mtu hali kwa kuwa kinamdhuru au amekatazwa. Tafadhali likumbuke neno hilo, maana nitalirudia.

Mimi nilikuwa na umri wa miaka minne mzio wangu ulipojitokeza. Ilikuwa jioni, na kukhu, yaani nyanya yangu, alikuwa amepika mboga za kienyeji kwa njugu zilizosagwa, kama wapikavyo wengi huku kwetu Bungoma. Kufumba na kufumbua uso wangu ukavimba kama andazi. Baba alinipakia kwenye pikipiki, mama nyuma yetu akinishikilia, tukakimbizana na giza hadi hospitali. Nilidungwa sindano, nikapumua. Tangu siku hiyo jikoni mwetu mna sufuria yangu na mwiko wangu, na ole wake atakayeukoroga mchuzi wa njugu kwa mwiko huo!

Nyumbani basi hakuna taabu. Taabu ni njiani, nayo ni kubwa zaidi kwa mtu kama mimi ambaye safari kwake ni chakula kwanza, mambo mengine baadaye.

Chukua mfano wa Kitale. Baba akienda kununua mbegu za mahindi msimu wa kupanda unapokaribia, mimi huomba kumsindikiza, na anajua fika kwamba sifuati mbegu. Nafuata hoteli. Siku moja tuliingia katika hoteli fulani karibu na stendi. Mhudumu alikuja na kitambaa begani.

"Karibuni. Kuna ugali, wali, chapo, madondo, matumbo, mboga ya kienyeji."

"Asante sana, dada," nikasema. "Kuna chakula chochote hapa kimetiwa njugu?"

"Hapana, hakuna kitu kama hiyo hapa."

Baba aliagiza ugali na mboga. Mimi nikaomba ruhusa nikamwone mpishi. Baba alinitazama kwa jicho la pembeni, kwa sababu kwetu mwanaume kuingia jikoni kuchungulia sufuria ni jambo la kuzomewa. Lakini aliitikia kwa kichwa. Mpishi, mama mnene mwenye kicheko cha karibu, nilipomwuliza alishangaa: "Njugu? Mwanangu, hiyo mboga ndiyo imejaa njugu! Utamu wake unatoka wapi?" Kumbe dada wa watu hakusema uwongo kwa makusudi. Yeye alijua majina ya vyakula na bei zake, lakini kilichomo ndani ya sufuria hakukijua. Nilikula chapati mbili na madondo yaliyopakuliwa kutoka sufuria nyingine kwa upawa uliooshwa mbele ya macho yangu, na nakuapia, msomaji, madondo yale yalikuwa yameiva yakalainika kama siagi. Toka hapo kanuni yangu ya kwanza ni hii: mhudumu msalimie, lakini mpishi ndiye wa kuulizwa.

Kanuni ya pili niliipata ng'ambo ya mpaka. Agosti 2024 ulikuwa msimu wa jando, kwani Wabukusu wa huku na Wagisu wa Uganda hutahiri vijana wao katika miaka shufwa. Mama yangu mdogo ameolewa Bugisu, nasi tukaalikwa sherehe ya mwana wa shemeji yake. Tulipitia Bungoma na Chwele, tukavuka mpaka Lwakhakha, Mlima Elgon ukitukodolea macho kutoka kando. Ngoma zilisikika kabla hatujaiona nyumba.

Sasa hebu sikiliza. Chakula cha heshima huko ni malewa. Haya ni machipukizi ya mianzi ya mlimani, ambayo hukaushwa kwa moshi, yakaja kuchemshwa, na mwishowe yakapikwa kwa njugu zilizosagwa, ambazo huko Uganda huitwa binyebwa. Sahani iliwekwa mbele yangu pamoja na matoke. Harufu ya moshi na njugu iligongana puani mwangu, mate yakanijaa kinywani, na papo hapo moyo ukanidunda. Wenzangu walinawa wakaanza kula. Mimi nikawa natazama.

"Mbona mgeni hali?" mzee mmoja akauliza kwa sauti ya juu. "Ama chakula chetu hakifai watu wa Kenya?"

Kimya kilitanda. Mama mdogo aliruka kunitetea: "Mzee, huyu mtoto ana aleji."

"Aleji ndiyo nini?"

Niliinuka. Nilijua kwamba sahani ile haikuwa chakula peke yake. Ilikuwa mikono ya kina mama waliokesha wakipika, na heshima ya ukoo mzima. Kuisukuma kando ni kuwasukuma wao. Ndipo neno moja la nyanya yangu likanijia mdomoni.

"Mzee wangu," nikasema, "chakula hiki ni cha heshima na nimewashukuru sana. Lakini njugu ni kumusilo wangu. Nikizila, naweza kufa."

Mzee akakitua chini kikombe chake. "Kumusilo? Mbona hamkusema mapema? Mtu halishwi kumusilo wake!"

Kwa Kibukusu, kumusilo ni mwiko, na kila ukoo una miiko yake. Waganda nao wana muziro, ule mnyama au mmea ambao watu wa ukoo fulani hawauli. Waswahili tunasema mzio. Yaangalie maneno hayo matatu, mwana wa Chama cha Kiswahili, kisha uniambie kama hayafanani kama ndugu wa tumbo moja! Ni kweli kwamba mwiko wa ukoo hurithiwa na mzio wangu ni wa mwili, na nilimweleza mzee hivyo baadaye. Lakini neno lilikwisha kufungua mlango. Mzee alifahamu mara moja kuwa mtu anaweza kuacha kula chakula bila kumdharau aliyekipika.

Bibi mmoja aliitwa kutoka jikoni. Nikamfuata hadi kwenye mafiga ili nione miko na sufuria. Vijana wakaangua kicheko: "Mwanaume anachungulia sufuria!" Bibi akawageukia. "Mwacheni," akasema. "Anayejua kitu kinachoweza kumuua ndiye mwanaume." Alinipakulia matoke kutoka sufuria ambayo haijaguswa, pamoja na paja la kuku lililochemshwa kwa chumvi tupu, akalifunika kwa jani la mgomba. Nilikula nikashiba, nikacheza ngoma hadi alfajiri.

Kanuni ya pili basi ni hii: kikatae chakula, usimkatae mwenyeji. Shukuru kwanza, eleza halafu, na tumia neno ambalo msikilizaji wako analijua.

Hilo la neno lilinifuata hadi pwani, chama chetu kilipofunga safari ya Mombasa, zaidi ya kilomita 800 kutoka huku. Lo! Mahamri na mbaazi za nazi! Viazi karai! Mishikaki inayotoa mlio juu ya makaa! Nilitamani niwe na matumbo mawili. Hata hivyo niliuliza kila mahali. Muuza kashata aliniambia za nazi ni hizi na za njugu ni zile, lakini kisu cha kukatia kilikuwa kimoja, nikaziacha zote. Muuza halwa naye alinieleza kwamba wapo wanaoitia lozi. Kwa korosho, sifa ya Kilifi, nilijizuia pia, kwa kuwa daktari aliniagiza niziepuke.

Pwani nikajifunza zaidi majina ya adui yangu. Kenya twasema njugu au njugu karanga. Tanzania ni karanga, na huko mchicha wa karanga ni mboga ya kila siku. Kamusi ina njugu nyasa. Ipo pia njugu mawe, nayo ni mbegu nyingine ya asili ya Afrika. Fikiria basi Mkenya aingie mgahawa wa Tanzania aulize, "Mmetia njugu?" Mpishi, akiwaza njugu mawe, ajibu kwa moyo mweupe, "Hatujatia." Msamiati, ndugu zangu, si wa kupitia mtihani pekee!

Tulipotembezwa Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, nilitabasamu peke yangu. Karanga asili yake ni Amerika Kusini, na Wareno ndio waliozileta Afrika. Wao walifukuzwa, lakini karanga zimebaki zikinitafuta mimi.

Kuna atakayesema kwamba haya ni makubwa kwa watu wachache. Nitampa kisa cha Natasha Ednan-Laperouse wa Uingereza, msichana wa miaka 15, rika letu. Mwaka 2016 alinunua mkate uwanjani mwa ndege akielekea Ufaransa. Ndani ya mkate mlikuwa na simsim, na karatasi yake haikuandikwa hivyo. Alifariki. Wazazi wake walipigania sheria, na tangu Oktoba 2021 chakula kinachofungwa dukani kabla ya kuuzwa huko Uingereza lazima kiandikwe kila kilichomo. Simsim hiyo hiyo huuzwa katika masoko yetu. Hapa kwetu kibanda hakina karatasi ya kusoma. Karatasi yetu ni mdomo wa mpishi, na ndiyo maana kuuliza si ujinga.

Sasa nawaomba mambo matatu. Kwanza, ukipika kwa ajili ya wengi, iwe ni sherehe au safari ya shule, sema wazi kilichomo ndani ya sufuria, na kila chakula kiwe na mwiko wake. Pili, mwenzako akikuambia ana mzio, usimjaribu kwa kumtilia kidogo "uone kama ni kweli". Huo si mzaha. Tatu, ukimwona amevimba midomo au anapumua kwa shida baada ya kula, usimwache atembee tembee. Mlaze na umwinulie miguu. Ikiwa pumzi ndiyo inamsumbua, mwache aketi. Mpelekeni hospitali upesi akadungwe adrenalini pajani, dawa ambayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Vidonge vya kuondoa kuwashwa havitoshi. Hata akipata nafuu njiani, msigeuze gari, maana hali hiyo yaweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Nawe mwenzangu mwenye mzio, iwe ni wa mayai, samaki, maziwa au njugu, usijifungie nyumbani. Dunia imejaa sufuria ambazo hujazionja. Nenda, sabahi, uliza, kisha ule ushibe. Kwangu mimi bado iko safari ya Kisumu, kwa samaki wa kukaanga na ugali moto, na nimeshaanza kuweka akiba ya nauli. Atakayefuatana nami ajue kwamba kabla ya kunawa mikono nitapitia jikoni kwanza.

Wasalaam.